Mikono Tu

Jumatatu asubuhi Mama Povu alifika getini akiwa na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki na kandambili za kufulia kwapani, akakuta pamefungwa. Geti lilikuwa jipya, jeusi, refu kuliko mlinzi aliyewekwa kulilinda, na rangi yake ilikuwa bado inanuka. Katikati lilikuwa na kidirisha cha chuma, ukubwa wake kama sinia la chai. Mlinzi alisimama nje yake, amevaa koti la sare lililomzidi mabega.

"Fungua basi, shemeji, nguo za watu zinaningoja."

"Sifungui, shemeji. Kamati imesema asiye mkazi haingii."

Mlinzi alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Kazi hiyo alikuwa ameipata Ijumaa, na alikuwa bado anaiogopa.

Geti lilikuja kwa sababu ya televisheni. Televisheni ilipotea sebuleni kwa Mwenyekiti mchana kweupe. Mlango haukuvunjwa, mbwa hakubweka, na mtaa mzima, pamoja na huyo mbwa, ulijua kwamba iliondoka begani kwa mpwa wa Mwenyekiti, kijana aliyelala chumba cha uani na mwenye funguo zake mwenyewe. Lakini mpwa ni mtu wa nyumbani, na mambo ya nyumbani hayaitishiwi mkutano. Mkutano uliitishwa kuhusu watu wa nje.

Watu wa nje walikuwa wafuaji, wapishi, walezi wa watoto na mkata majani, wote wakikaa ng'ambo ya ukuta, kwenye vyumba vilivyobanana hadi ukipiga chafya unaombewa afya na jirani wa tatu. Miaka yote walikuwa wakiingia mtaani na kutoka kama upepo. Jikoni mwa watu waliacha habari na kuchukua habari: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua makochi mapya na bado anakaa chini asiyachafue. Geti lilipofungwa, mtaa ukawa kimya, na wakazi wakaambiana kwamba huo ndio usalama.

Wiki ya pili nguo chafu zilijaa kwenye mabafu. Mwenyekiti alitoka kuja getini akiwa amevaa suti yake ya harusi, kwa kuwa ndiyo nguo safi pekee iliyokuwa imebaki. Alizungumza kupitia kidirisha, na kidirisha kilionyesha mdomo wake tu.

"Mama, sisi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni na watu kuingia ovyo. Tunachohitaji kwako ni mikono tu."

Mama Povu alifikiri kidogo. Akaweka mfuko chini, akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauzungusha kwenye kifundo kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, ukatoka. Akaupitisha kidirishani. Kisha akamnyooshea mlinzi mkono wa kulia.

"Vuta, shemeji. Huu siwezi kujivua mwenyewe."

Mlinzi alisitasita.

"Vuta bwana! Miaka yote unatafuta kisingizio cha kunishika mkono, leo umekipata unaona haya?"

Mlinzi akavuta. Akaupitisha nao. Mikono iliangukia upande wa pili, ikajipangusa vumbi, ikaondoka kwa kutembea na vidole kuelekea kwa Mwenyekiti, wa kulia umetangulia. Mwenyekiti aliitazama ikimpita, akasema hivyo ndivyo utaratibu unavyotakiwa kuwa.

Mwezi haukuisha kabla wengine hawajafuata. Mlezi wa nyumba ya kona alipitisha mikono na mgongo, maana mtoto wa pale halali mpaka abebwe. Mpishi alipitisha mikono na ulimi, ila ulimi ulirudishwa. Kamati ilikaa kikao kizima kuujadili. Ulimi hauonji tu, alisema mke wa Mwenyekiti, ulimi unabeba. Tangu siku hiyo chakula mtaani kikawa leo chumvi tupu, kesho maji matupu, na wakazi walikila kimya kimya, kila mmoja akidhani ni nyumbani kwake tu.

Wenye mikono walikaa nje ya geti, kwenye ukingo wa mtaro, wakiisubiri. Hapo ndipo palipokuwa na watu. Hawakuwa na cha kushika wala cha kushikia, lakini midomo walikuwa nayo, na waliitumia. Pua ikimwasha mtu, alijikuna begani kwa jirani yake. Mama Povu alikuwa na kipaji ambacho wengine hawakuwa nacho: alihisi kwenye vifundo kila kitu ambacho mikono yake ilikuwa ikigusa huko ndani.

"Ipo kwenye mashati sasa," alisema. "Kola... kola... Mh! Hii kola ina poda ya mtu."

"Si ya mkewe?" mpishi aliuliza.

"Mkewe namfulia miaka nenda rudi, dada yangu. Poda yake naijua. Hii laini mno."

Walicheka mpaka mlinzi akageuka kutazama pembeni. Ndani ya mtaa, mke wa Mwenyekiti alifunga dirisha kwa sababu ya kelele.

Jioni mikono ilitoka mmoja mmoja, na mlinzi aliikagua kama alivyoagizwa, akafungua kidole baada ya kidole na kumulika chini ya kucha kwa tochi. Hakuwahi kukuta kitu zaidi ya povu na maganda ya vitunguu. Vitu viliendelea kupotea mtaani: pasi, blenda, baiskeli. Kamati iliongeza tochi ya pili.

Mama Povu alivaa mikono yake na kwenda nyumbani kumwogesha mama yake. Mtaa mzima wa ng'ambo ulimwita mama huyo Bi Mkubwa. Miguu ilikuwa imemwacha, mdomo ulikuwa bado upo. Hakukubali kuogeshwa na mtu mwingine, na alitaka iwe namna yake: maji ya vuguvugu, waanze nyuma ya masikio, nywele zichanwe kutoka kisogoni kwenda juu.

"Mikono ya wenzio inanisugua kama sufuria iliyoungua," alisema jioni moja. Kisha akainusa ya mwanawe. "Na hii yako leo inanuka tajiri."

"Vumilia, mama, itatoka."

"Nimevumilia. Sasa nisikilize. Siku yangu ikifika usiniachie watu. Unioshe wewe."

"Sasa atakuosha nani mwingine? Umewatukana wote."

Bi Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, na Mama Povu akamchana nywele kutoka kisogoni kwenda juu. Hakukuwa na maneno mengine juu ya jambo hilo. Ilikuwa ahadi, na wote wawili waliijua.

Geti lilipotimiza mwaka, Mwenyekiti aliandaa sherehe ya kulishukuru. Mikono yote ilihitajika: ya kupika, ya kuosha vyombo, ya kupiga pasi vitambaa vya meza, ya kushika trei. Wageni walikuwa wakazi wenyewe kwa wenyewe. Dada yake Mwenyekiti alikuja kutoka mbali, na kwa kuwa hakuwa mkazi, alipewa sahani yake kupitia kidirishani, akala amesimama pale mtaroni, akawaambia wenye mikono kwamba wali haukuwa na chumvi.

Alikuwa bado anakula wakati jirani mmoja alipofika kutoka ng'ambo, mbio, amefunga kitambaa kichwani upande upande. Aliinama sikioni kwa Mama Povu. Mama Povu aliinuka bila kuaga.

Alimkuta mama yake amelala kama alivyomwacha asubuhi, ila amenyamaza. Alikaa naye kidogo. Kisha akarudi getini kuchukua mikono.

Jua lilikuwa linazama. Kidirisha kilikuwa kimeshafungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikaa shingoni mwa Mwenyekiti. Mlinzi aligonga chuma kwa rungu mpaka mtu akasikia. Kidirisha kikafunguliwa upana wa vidole viwili, na mdomo wa Mwenyekiti ukatokea ukiwa na kijiti cha meno.

"Mzee, mama yake shemeji amefariki," mlinzi alisema. "Anaomba mikono yake."

"Loh. Pole sana. Mwambie pole sana."

"Nipo hapa, mzee," Mama Povu alisema. "Nimwoshe tu. Alfajiri nitaileta."

"Mama, nakuelewa. Sote tumezaliwa. Lakini unajua taratibu, jua likishazama hakitoki kitu. Nikikufungulia wewe leo, kesho nitamkatalia nani? Na vyombo bado."

"Basi iite, mzee. Iite tu ije hapa kidirishani. Inanijua."

"Giza hili, mikono inatoka, nani atajua imebeba nini?"

Nyuma yake muziki ulizimika ghafla na watu wakaanza kuulizana spika imeenda wapi. Mdomo wa Mwenyekiti ulisema pole kwa mara ya tatu, na kidirisha kikafungwa.

Mlinzi alisimama akitazama viatu vyake. Kisha akavua glavu. "Chukua yangu, shemeji."

"Mikono ya mwanaume imwoshe Bi Mkubwa? Si ataamka anipige," Mama Povu alisema. Alijaribu kucheka, akaacha katikati. "Kaa na yako. Watakufukuza."

Ng'ambo ya ukuta, hakukuwa na mwanamke aliyekuwa na mikono usiku ule. Walikuja hivyo hivyo, chumba kikajaa mpaka mlangoni. Wawili walibeba ndoo wakiwa wamebana mpini kwa viwiko. Waliosha kwa viwiko, kwa vifundo, kwa vitambaa walivyoviuma kwa meno. Maji yalikuwa baridi, kwa kuwa hakupatikana wa kuwasha jiko. Mpishi alijikuta anamsugua Bi Mkubwa kwa nguvu, akamwomba radhi. Mama Povu aliuma chanuo kwa meno, akapiga magoti, akamchana mama yake nywele kutoka kisogoni kwenda juu. Ilichukua muda mrefu. Katikati ya kazi hiyo alisimama kidogo, kwa sababu vifundo vyake vilikuwa vimehisi maji ya vuguvugu. Hakumwambia mtu.

Asubuhi geti lilifunguliwa kidirisha na mikono ikatolewa mmoja mmoja, ikakaguliwa mara mbili kwa ajili ya spika. Mpwa wa Mwenyekiti alisimama ndani na kusisitiza wachunguze vizuri katikati ya vidole. Mikono ya Mama Povu ilitoka mwisho, imekunjamana kwa maji kama ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Aliivaa palepale. Mke wa Mwenyekiti alikuwa ameifuata mpaka kidirishani.

"Mama Povu, pole kwa msiba. Lakini ngoja nikuambie kitu," alisema. "Hii mikono yako ni ya ajabu. Vyombo vilikwisha, nikadhani itapumzika. Asubuhi naingia bafuni, nakuta imeuchukua ule mto wangu mrefu wa kochi, ule wenye mashada, imeuosha. Sijaituma! Imechemsha maji yake, vuguvugu tu. Imechana mashada yote yameelekea upande mmoja. Halafu imeukausha, imeutandikia kitambaa cheupe cha meza, imeuzungushia vizuri, imeulaza katikati ya sakafu. Nayo imelala kando yake, mmoja huku, mmoja huku."

Mama Povu aliitazama mikono yake.

"Huo mto haujawahi kutakata namna ile," mke wa Mwenyekiti alisema. "Nimemwambia mzee, kumbe usiku nao inafaa. Kamati itaona kama iwe inalala humu humu. Ah, na upo mto mwingine, pacha wake. Ukimaliza mambo yako, Jumatano ifanye na huo."

Bi Mkubwa alizikwa mchana. Mama Povu alishika udongo kwa mikono yake mwenyewe, na watu wa ng'ambo, waliokuwa wamerudishiwa mikono yao, walimpiga piga mabegani mpaka jioni.

Jumatano alifika getini akiwa na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki. Alivua wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Ungekaa nyumbani walau wiki hii, shemeji," mlinzi alisema.

"Vuta."

Mlinzi akavuta. Mikono ilijipangusa vumbi ikaondoka, wa kulia umetangulia. Mama Povu alikwenda kukaa mtaroni katikati ya wenzake. Walimpisha nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Alikaa kimya muda mrefu, na hapo palikuwa si mahali pa mtu kukaa kimya, kwa hiyo mpishi akamgusa kwa kiwiko.

"Imefika wapi?"

"Imebandika maji."

Wakangoja.

"Na sasa?"

"Nyuma ya masikio," Mama Povu alisema.

"Mto una masikio, dada yangu?"

"Hauna."

Hakuna aliyecheka. Siku hiyo mtaroni hapakutoka kelele yoyote, lakini dirisha la Mwenyekiti lilifungwa kama kawaida.