Vifuniko Vinne

Dobi yule aliweza kuondoa kila doa, ila asilimia zilimshinda, na hilo hakutaka lijulikane. Kwa miaka thelathini alifua, akapiga pasi, akakunja. Kupima dawa ya kung'arisha nguo alimwachia mkewe. Mke alisoma chupa akasema, "Vifuniko viwili kwa ndoo," naye akatia viwili. Mara ngapi mama wa watu alijaribu kumfundisha? "Keti hapa, mume wangu, ni dakika kumi tu." Naye humjibu kwamba hesabu ni za watoto wa shule, kisha hutoka kwenda kugeuza nguo ambazo zilikwisha kukauka.

Mke akafariki. Mwaka wa pili binti yao akachumbiwa, akatoa sandukuni gauni la harusi la mama yake, la pamba na lesi, limeingia umanjano mabegani. Alitaka kuvaa hilo hilo.

"Nipe mimi," dobi akasema. "Hilo halifuliwi na mtu mwingine."

Dawa ya zamani ilikuwa imekwisha. Chupa mpya ya dukani, badala ya asilimia tano, iliandikwa asilimia kumi. Dobi akasimama mbele ya ndoo akipiga hesabu zake: tano ilitaka vifuniko viwili, kumi ni mara mbili ya tano, basi vinne. Akajiona kidume kwelikweli. Binti alikuwa chumba cha pili akiandika majina ya wageni, na mlango ulikuwa wazi. Zilikuwa hatua sita tu kwenda kumwuliza. Hakwenda.

Alipolitoa gauni majini, lesi ilibaki mkononi mwake, nyuzi nyuzi, na begani pakafunguka tundu la kupitisha kichwa.

Binti alikuja, akatazama, akaokota chupa. Akaisoma.

"Baba, uliweka vingapi?"

"Vinne. Si imeandikwa kumi?"

"Kumi maana yake ni kali zaidi, baba. Kila kifuniko kina nguvu ya viwili vya zamani. Basi unapunguza nusu, huongezi. Ulitakiwa kuweka kimoja."

Kimoja, naye katia vinne. Hilo dobi alilielewa papo hapo, bila kuchorewa, na likamkata maini: kumbe ni jambo la dakika moja, wala si kumi.

"Ungeniita tu," binti akasema. "Nilikuwa hapo hapo."

Dobi alijikaza kisabuni asilie, akashindwa.

Jumamosi binti aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima, likimpwaya kiunoni. Dobi alicheka na wageni, akapigwa picha, na kila alipomtazama bintiye aliona bega la gauni jingine.

Siku hizi hakosei. Husoma chupa, husema kwa sauti chumbani peke yake, "Kali mara mbili, kwa hiyo nusu yake, mke wangu," kisha humimina kifuniko kimoja, kikajaa sawasawa hadi ukingoni. Nguo hutoka nyeupe pe. Ila ni mashuka ya watu tu.