Kishindo cha Mguu Mdogo

Mwalimu wa chekechea alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake: hakubali jambo lipite bila kujua limetoka wapi. Ndiyo maana yule binti mpya wa miaka minne alimkosesha usingizi. Mtoto mwenyewe mpole, ila akitaka kitu hasemi. Humjia mtu kwa nyuma, akapiga sakafu kwa mguu, puu, kisha akasubiri atazamwe. Haikuchukua muda akabandikwa jina la Ngoma.

Mwalimu msaidizi alishauri akomeshwe mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

"Tumkunje kabla hatujajua ni samaki gani?" mwalimu alimuuliza.

Akaanza kumchunguza. Uani penye mchanga Ngoma hapigi mguu kamwe, humvuta mtu nguo. Kishindo ni cha ndani tu, kwenye sakafu ya mbao, na uso wake wakati huo umetulia tuli. Hasira gani hiyo inayochagua sakafu?

Aliyemleta na kumchukua mtoto ni bibi yake, mzaa baba. Siku moja mwalimu alimfuata langoni, bibi akiwa ameinama kumfunga mjukuu viatu, akamwamkia na kumweleza yote. Bibi aliinuka, akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Shikamoo ikabaki hewani. Msaidizi akasema huyo mama ana maringo. Mwalimu naye ilimuuma moyoni, lakini hamu ya kujua ilizidi kinyongo. Akampigia simu baba mtu, mwoka mikate, akaomba kuwatembelea.

Walikaa ghorofani, chumba na sebule, sakafu ya mbao iliyolia kila ukikanyaga. Baba alimkaribisha unga ukiwa bado viwikoni. Kabla mwalimu hajafungua mdomo, Ngoma alikwenda jikoni, bibi alikokuwa akimenya viazi akiwa amewapa mgongo. Puu. Mbao zilitetemeka hadi nyayoni mwa bibi, akageuka papo hapo, na mjukuu akaanza kumsimulia kwa vidole, haraka haraka, huku bibi akimjibu vivyo hivyo.

Mwalimu aliganda mlangoni. "Kumbe mama hasikii?"

"Tangu mimi mdogo. Homa ndiyo iliyomharibu masikio," baba alisema. "Nilidhani mnajua, mwalimu. Mtaa mzima unajua."

"Na sisi tulidhani anatudharau."

Baba alipomfasiria mama yake maneno hayo, bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akauliza, kupitia mwanawe, jambo ambalo kumbe lilimkera siku nyingi: mjukuu wake hufanya nini kutwa nzima? Kila akimuuliza mwanawe, huambiwa tu mtoto hajambo, hana tatizo.

Mwalimu akasimulia. Ngoma hupenda kupanga matofali ya mbao, na akiyapanga huimba chini chini.

Baba aliacha kufuta viwiko. "Anaimba? Huyu?"

Nyumbani hawakuwahi kusikia sauti yake ikiimba. Bibi alipoelewa, alimvuta mtoto, akamwekea kiganja kifuani. Ngoma aliona haya, akamtazama mwalimu. Mwalimu akaanzisha wimbo taratibu, mtoto akadakia. Bibi alifumba macho na kiganja chake hakikutikisika mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya hapo bibi alianza kubaki darasani asubuhi, akiwafundisha watoto ishara za maji, choo na njaa. Walizishika upesi kuliko walimu wao. Msaidizi alijifunza kumwamkia akiwa mbele ya uso wake, na bibi humwitikia kwa tabasamu pana. Baba naye alijifunza ule wimbo, ingawa sauti yake, Mungu amsamehe, ilifaa zaidi kunadia mikate. Maneno ya Ngoma yalianza kutoka, machache, kila moja kwa wakati wake.

Mwalimu hakuishia hapo. Juma lililofuata alimsimamisha mama mwingine langoni, akamwomba siku ya kumtembelea. Mama akashtuka: mwanangu amekosa nini?

"Hajakosa kitu," mwalimu alisema. "Nataka tu kujua kwenu akifurahi huwaje."

Mama yule alifikiri kidogo, akaweka kikapu chini, na kuanza kueleza.