Zuia Pumzi, Mama

Fundi cherehani alikuwa na ubishi wa kurithi, na aliyemrithisha ndiye huyo aliyelala chumba cha nyuma, amebaki mifupa na macho. Maisha yake yote mama huyu alikimbia kamera. Kwenye harusi za watoto wake alijificha nyuma ya mashangazi. Kwenye kitambulisho ametoka kama mtu aliyekamatwa. Sasa mapafu yalikuwa yanammaliza, na mwanawe alitaka kitu kimoja tu: picha moja safi ya sura yake kabla hajaondoka.

"Si utumie simu, Kaka?" dada yake alimwambia. "Mara moja, imekwisha."

"Simu inapaka watu poda," alijibu. "Nataka Mama, sitaki bibi harusi."

Alikuwa na kamera ya mtumba na lenzi kuukuu isiyojilengea yenyewe. Unazungusha pete yake kwa vidole mpaka kope zionekane. Taa hakuitaka. Alitaka mwanga wa dirisha, ambao asubuhi uliingia kwa muda wa kunyoosha mashati mawili, kisha ukaenda zake. Ukutani alitundika shuka jeupe liurudishe usoni. Hata hivyo chumba kilikuwa na giza, na kamera ilihitaji nusu sekunde nzima kufumba jicho. Ukipumua tu, uso unakuwa ukungu.

Basi kila asubuhi ikawa: "Zuia pumzi, Mama." Kamera ikilia: "Haya, pumua."

Mama alijitahidi, lakini kikohozi kilimwahi.

"Baba, unaniomba kitu ambacho hata mwenyewe sina," alimwambia mwanawe siku moja, akacheka, na kicheko nacho kikaharibu picha.

Siku kumi na tisa, ukungu mtupu. Dada alichoka kuvumilia. "Unamtesa. Mgonjwa hafanywi mwanasesere." Fundi aliona aibu kwelikweli, lakini aibu haikuushinda ubishi, kesho yake akarudi na stuli yake.

Asubuhi ya ishirini mama alikuwa ametulia, macho nusu wazi, yanatazama dirisha. Hakuitikia salamu, naye fundi hakushangaa. Siku hizo Mama maneno aliyaweka akiba. Akazungusha pete, akarudi nyuma kidogo, akazungusha tena.

"Zuia pumzi, Mama."

Kamera ikalia. Akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Kope zilihesabika moja moja. Hata kovu la pasi kidevuni lilikuwepo. Akapiga kelele kama aliyefunga bao.

Dada akaja mbio na kikombe cha dawa mkononi. Akaikagua picha, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Hajatikisika hata kidogo!"

Kisha akageukia kitanda. Akatazama kwa muda. Akaweka kikombe sakafuni.

"Kaka. Ulimwambia azuie pumzi?"

"Nilimwambia."

"Ukamwambia apumue?"

Kwa ile furaha fundi alikuwa amesahau. Alijua kabisa kwamba neno haliui mtu wala halimfufui, na kwamba huenda alipoingia na stuli yake alimkuta amekwisha kwenda. Alijua, lakini akapiga magoti, akaushika ule mkono uliopoa, akasema taratibu kama kila siku:

"Haya, Mama. Pumua."