Ndoo ya Kujaribia

"Umekwenda kanisani umeacha koki wazi, Mama. Mwezi jana sufuria iliungua jikoni, uliisahau. Safari hii tunaondoka wote, Masasi."

Sabina alisema hayo akifunga nguo za mama yake kwenye kitenge. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka kwake Masasi kuja Newala, baada ya kusikia yaliyotokea.

Fundi Abrahamu alikuwa bafuni, amepiga magoti, spana mkononi, suruali imelowa. Maji ya mgao, yale ambayo watu huyangoja mpaka wakayakatia tamaa, yalikuja Jumapili watu wakiwa kwenye ibada. Yakajaa bafuni, yakavuka kizingiti, yakaingia chumba cha magunia ya korosho. Sasa Bibi Ethel, mama yake Sabina, alikuwa uani anazianika upya korosho zake kwenye mikeka, na nyingine zilikwisha kuwa nyeusi.

"Nilifunga," Bibi alisema. Akaokota korosho moja nyeusi. "Nadhani nilifunga."

Hiyo nadhani ilimwingia Abrahamu kama mwiba.

Koki hiyo aliiweka yeye mwenyewe, Alhamisi. Ilikuwa ya mtumba, ya shaba, nzito, aliyoipata Masasi kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikibomolewa. Siku hiyo mabomba yalikuwa makavu. Bibi akamletea ndoo imejaa maji, ayamimine kwenye bomba kwa juu, aone kama koki inashika. Abrahamu akaitazama ile ndoo. Maji yametoka bondeni kichwani kwa mtu, yanangoja kupikiwa ugali. Nani wa huku juu mlimani angeyamwaga?

"Tuyaache, Bibi," alisema. "Inakaza vizuri."

Sasa aliifungua. Mpira wa ndani, uliokaa mkavu miaka na miaka, ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi. Koki hata ukiikaza kwa nguvu zote, maji yangepita tu.

Mfukoni alikuwa na mpira mpya. Angeubadilisha pale pale, akasimama, akasema koki ni nzima. Nani angejua? Huko chumbani Sabina alikuwa anakaza fundo la kitenge.

Abrahamu akatoka uani, mpira uliopasuka kwenye kiganja.

"Bibi, ulifunga," alisema. "Koki ndiyo haikufunga. Tazama. Kosa ni langu, sikuijaribu."

Sabina akaja mbio. "Na ndoo ya kujaribia si ulipewa? Mama kaniambia."

"Nilipewa, dada."

"Ukaionea huruma ndoo, ukazamisha magunia! Fundi gani wewe? Nitakutangaza mpaka sokoni."

"Nitangaze. Korosho zitakazooza nitazilipa, nina mikorosho yangu kule Chilangala."

Sabina akafyonya. Bibi Ethel aliuchukua ule mpira, akaugeuza geuza kwenye vidole, macho yamemlowa. Kisha akaingia jikoni, akatoka na ndoo kichwani, imejaa.

"Mjukuu wangu, leo mimina."

Abrahamu akarudi bafuni, akaweka mpira mpya, akakaza, akamimina. Wote watatu wakainama kuutazama mdomo wa koki. Haukutoa hata tone.

"Kitendawili," Bibi alisema, bado ameinama.

Abrahamu akamwangalia Sabina, naye akaangalia ukuta.

"Tega, Bibi."

"Nina mgeni. Nikimngoja haji, nikitoka, anaingia."

Abrahamu alilijua jibu, lilikuwa limelowesha magoti yake. Lakini hakuwa yeye aliyeulizwa.

"Simjui, Mama," Sabina alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Basi nipe mji."

"Chukua Masasi."

"Masasi siutaki. Nipe mwingine."

Sabina alitoka akaenda uani, akachuchumaa kando ya mkeka, akaanza kuzigeuza korosho, moja moja, upande uliolowa ukitazama jua. Chumbani, kitenge kilikuwa bado juu ya kitanda, fundo lake limekazwa. Bibi alikaa kizingitini na ndoo tupu mapajani, akingoja kupewa mji wake.