Madume Tisa ya Saumu

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Saumu wa Malindi, ile ya milimani juu ya Mazinde, alikuwa na madume tisa ya kanga katika banda moja la mabanzi, na majike saba tu. Amani iliyokuwemo humo jikadirie mwenyewe.

Si kwamba hakujua. Alikuwa amefuga kanga miaka sita, tangu mumewe yu hai, na aliwatenganisha kwa sikio tu: jike huita kwa sauti mbili, ya pili ikipanda, na dume huita kwa sauti moja fupi, akiirudia mpaka akuchoshe. Alijua pia kwamba dume mmoja huwatosha majike wanne au watano, na kwamba madume wakizidi hapo hugeuka wababe. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Madume walifukuzana tangu alfajiri wakinyofoana manyoya ya mgongoni, na wakishachokana waliruka ua kwenda kwa jirani yake Rukia kupiga kuku na vifaranga. Majike walikuwa wameacha kutaga. Wawili walishahamia vichakani karibu na msitu, na huko nguchiro hana huruma.

Dawa yake ni kisu, na kikwazo kilikuwa shemeji yake. Mumewe alipozikwa, Kassimu alitangaza kwamba majike ni wa mjane na madume ni wa ukoo, na dume wa ukoo haguswi bila idhini yake. Kazi ya kuwalisha hao wa ukoo alimwachia mjane. Kassimu ni mtu wa namna hiyo, hupenda mali inayoshibia kwa mwenzake.

Kifaranga wa tano wa Rukia alipouawa, kesi ilifika barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti hakuzunguka. Kifaranga mwingine akifa, alisema, kanga wote wa Saumu waondoke Malindi.

Kassimu akasimama na suluhisho lake. "Tuwapunguze wanaopiga kelele. Hao wa sauti mbili."

"Hao ndio majike, shemeji," alisema Saumu. "Ukiwatoa hao nabaki na madume watupu. Hapo hatabaki kifaranga kitongoji kizima."

"Leo mwanamke anatufundisha jike na dume," Kassimu aliwaambia wenzake, na baraza zima likacheka.

Saumu alirudi nyumbani na hasira. Kanga wale ndio waliomsomesha binti yake, ndio waliolinda kabichi zake dhidi ya wadudu, na sasa wangekwisha kwa sababu ya kichwa kigumu cha mtu mmoja.

Asubuhi alimkamata dume mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu, akamtia kwapani na kwenda kutafuta mchinjaji. Kwao mwanamke hachinji. Hata mgeni akifika na mwenye nyumba hayupo, mama husimama njiani na kuku wake akingoja apite mwanamume yeyote, hata wa darasa la tatu.

Mussa fundi matofali alisema Kassimu ameshaonya. Hamisi alisema mkono unamuuma, na mkono wenyewe ulikuwa umeshika jembe. Saumu akaishia kwa Mwalimu Yusuph wa madrasa.

"Shikamoo, Mwalimu. Imeandikwa wapi kwamba mwanamke akichinja ni haramu?"

Mwalimu ni mtu mkweli, lakini siku ile ukweli ulimtoka kwa tabu. "Marahaba, mama. Haijaandikwa. Mwanamke Mwislamu akitaja jina la Mungu, akachinja sawasawa, ni halali. Ila hapa kwetu sijapata kuona."

"Basi twende ukaone."

Mwalimu alikumbuka ana darasa.

Saa nne, jua limetoka na barabara ina watu, Saumu alinoa kisu mbele ya nyumba yake. Aliogopa. Akamlaza dume upande wa kibla, akasema bismillahi, Allahu akbar, akakata mara moja. Alipoona dunia haijapasuka, akamfuata wa pili.

Kassimu alifika mbio Saumu akiwa kwenye wa nne. Wapita njia walikuwa wamejaa uani.

"Shemeji, umechinja mali ya ukoo. Na hiyo ni nyamafu, hapa hakuna atakayeila."

"Ukoo uliwahi kuleta hapa hata debe moja la pumba?" Saumu aliuliza bila kuinua kichwa. "Nishikie huyu miguu, au nipishe."

Hakumshikia. Saumu aliwamaliza saba, akabakisha wawili. Akapika sufuria kubwa, akaketi kizingitini, akala huku Kassimu anamtazama. Kisha akamnyooshea Rukia bakuli juu ya ua. "Huyu ndiye aliyemaliza vifaranga wako, dada."

Rukia alimtazama Kassimu, akalitazama bakuli, akachagua paja. Alitafuna taratibu, mfupa akauacha mweupe.

Wiki mbili zikapita bila kifaranga kufa. Majike wawili walirudi kutoka vichakani, na Saumu akaanza kuokota mayai tena chini ya migomba. Baraza halikumwita. Kassimu akipita hapo hutazama upande wa pili.

Kisha Ijumaa moja akaja Fatuma, mke wa Kassimu, na jogoo mkononi. Wageni wa mumewe walikuwa wamepanda kutoka Mazinde, wenyewe wako msikitini na wanaume wote.

"Dada, nichinjie. Wakitoka huko watakuwa na njaa."

Saumu alileta kisu, akamwekea kiganjani. "Mimi si mchinjaji wa kitongoji. Jogoo wako, mkono wako. Nitakuonyesha."

Fatuma alisimama kitambo akitazama njia ya msikitini. Mwisho akapiga magoti.

Mchana ule Kassimu alikula mapaja yote mawili, akausifu mchuzi, akawaambia wageni hakuna apikaye kama mkewe. Fatuma alimsubiri amalize kunawa, ndipo akamwambia, mbele yao wote, ni nani aliyechinja.