Ghala la Kuonyesha Wageni

Mradi wa kupambana na njaa ulitujengea ghala hapa Kisoko, zuri kweli, lenye bati jipya na kufuli. Kila familia yenye kahawa ilipeleka madebe mawili ya wimbi, yaani ulezi, baada ya mavuno. Mei ikifika, chakula nyumbani kimekwisha na kahawa bado mbichi mtini, tungegawana. Hakuna ambaye angelazimika tena kumuuzia dalali kahawa ambayo haijaiva. Hata mimi nilipiga makofi.

Mei ikafika pamoja na njaa yake, maana njaa ya kwetu haijui kuchelewa. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha ghala, mzee Othieno, mshika ufunguo.

"Mama Abbo, ngoja kidogo tu," akasema. "Wageni ya mradi nakuja kuona ghala. Wakikuta tupu, tutaficha uso wapi?"

"Na watoto nakula nini, mzee?"

"Wewe nataka wageni walale njaa kwetu?"

Kwetu mgeni hupikiwa hata kama mwenyeji atashindia maji. Wanachama wote walikubaliana naye, nami nikakubali, na hadi leo sijajisamehe.

Wageni wakaahirisha safari. Wakaahirisha tena. Wanangu wanne wakaishi kwa maembe mabichi na uji mwepesi usiojua unga. Wiki ya tatu nilimpigia simu Jacktone, dalali wa Busia. Alikuja kwa pikipiki, akayakagua matawi yaliyojaa, akaniachia gunia la mahindi, na kahawa yote ikawa yake. Pole alinipa bure.

Ijumaa moja wageni wakafika. Walipiga picha ghala limejaa pomoni. Ndipo Othieno akatoa wimbi humo, kwa ajili yao, nasi wanawake tukasaga na kupika. Bibi Patience, mkuu wa mradi, akanawa mikono, akaniuliza msimu wa njaa tuliupitaje.

Othieno alinikazia macho. "Tulishiba, madam," nikasema. Nilikuwa na hasira, lakini mgeni haharibiwi tonge lake.

Alifurahi sana. Alituahidi ghala la pili na wageni wengine zaidi, kwa hiyo Othieno akalifunga tena lile la kwanza.

Kahawa ilipoiva, Jacktone alirudi na magunia. Alitafuta mchumaji anayeijua vizuri ile miti. Nilichuma siku nne, shambani kwangu mwenyewe, kwa malipo ya chakula cha mchana.