Uji wa Shairi

Magunia sita ya shayiri yalifika Musoma Jumanne moja ya mwezi Machi, mwaka 1938, kwa meli ya Kisumu. Kufikia adhuhuri yalikuwa yamepangwa jikoni kwa Kudura binti Pazi, mpishi wa nyumba ya wagonjwa wa kifua iliyokuwa nje kidogo ya Nyasho. Baba yake Kudura, fundi cherehani, alikuja mjini kutoka pwani na vitu viwili, mkasi na daftari la mashairi, na binti alivirithi vyote. Magunia yalikuwa zawadi ya wenye mgodi wa dhahabu. Vitanda vya nyumba ile vilikuwa kumi na vinne, na kumi na kimoja vililaliwa na watu wa mgodi huo.

Wagonjwa hawakuupenda uji wa shayiri. Ulikuwa na rangi ya maji ya kufulia, tena uliteleza kooni kabla mtu hajaamua kuumeza. Burito, mvuvi wa Kigera aliyelala karibu na mlango, aliuliza kama ni wa kula au wa kubandikia stempu. Kudura hakukasirika. Alizikaanga shayiri bila mafuta mpaka zikanukia, ndipo akazipika. Kesho yake alitia karanga za kutwanga, keshokutwa ndizi mbivu na maziwa ya mgando, kisha ukwaju na sukari guru. Burito akafika nusu bakuli. Wengine walifuata, kwa kumheshimu mpishi zaidi kuliko kwa njaa.

Wanzagi hakula. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe huko Butiama kabla ya kwenda mgodini, na sasa ilikuwa siku ya tisa hajameza kitu ila maji. Bangili yake ya shaba, ambayo zamani ilimbana mkononi, ilipanda hadi begani bila kugusa ngozi. Mkewe, Nyangi, alikaa sakafuni kando ya kitanda na kuishusha kila ilipopanda. Daktari, Mwingereza mpole, alimwambia kwamba mumewe asipokula kufikia Jumapili, awaite ndugu.

Siku hiyohiyo daktari alimtamkia karani wake maagizo mapya. Karani aliitwa Clementi, kijana wa upande wa Butiama aliyesoma misheni, na katika Kiswahili cha kwao shayiri na shairi vilikuwa sauti moja. Akapiga chapa: *Kuanzia kesho kila mgonjwa apewe uji wa shairi, mzito, bila kukosa.*

Kudura aliisoma karatasi mara mbili. Hakuona ajabu ndani yake, ila alitaka kujua kiasi.

"Beti ngapi, Bwana Clementi?"

Clementi hakuwahi kusikia neno beti. Alidhani ni jina la upawa huko pwani.

"Mbili mbili kwa kila mtu, mama. Wanatakiwa wanenepe."

Kudura akasema ni kazi nyingi lakini inawezekana.

Asubuhi alianza na ubeti wa adabu, kama alivyofundishwa: *Twashukuru watu wema, wenye chimbo la dhahabu, walotupa kwa huruma, uji usio na tabu.* Uji ukafanya madonge palepale, makubwa kama mayai ya kuku, na mwiko ukasimama wima katikati ya sufuria. Mizani ilikuwa kamili na vina havikuwa na kasoro. Kudura akafikiri, akaumwaga, akaanza upya. Alimwimbia Burito ubeti kuhusu mtumbwi wake uliooza ufukweni akiwa amelala kitandani. Uji ukalainika na kunukia samaki wa kukaushwa. Burito akamaliza bakuli na kulamba kijiko, akaomba mtumbwi uliobaki uwekwe kesho.

Tangu hapo Kudura alijua kwamba uji haukubali uongo. Kabla ya kupika alikaa na kila mgonjwa kidogo, akamuuliza mambo yake. Wanzagi hakuwa na nguvu ya kusema, kwa hiyo alimuuliza Nyangi.

"Alikuwaga anakama mwenyewe," Nyangi alisema. "Kibuyu nilikuwaga nakifukiza moshi kwanza. Bila moshi hanywi, hata umpige."

Jumamosi Kudura alisimama juu ya sufuria akaimba:

*Wanzagi wa Butiama, mchungaji kilimani,*
*Maziwa aliyokama, yenye moshi kibuyuni,*
*Leo kifua chauma, kwa mavumbi ya shimoni,*
*Kunywa upate uzima, urudi kwenu nyumbani.*

Uji uliipokea mistari mitatu ya kwanza kwa utulivu. Kwenye mstari wa nne lilitokea donge moja dogo, ukubwa wa punje ya kunde. Kudura alilitoa kwa ncha ya kijiko na kuliweka dirishani.

Wanzagi alinusa bakuli kwa muda mrefu. Kisha akanywa. Aliponyanyua uso, mdomo wake wa juu ulikuwa na utando mweupe wa maziwa, ingawa siku hiyo hapakuwa na maziwa jikoni. Aliomba tena. Jumapili bangili ilishuka hadi kwenye kiwiko, na hakuna ndugu aliyeitwa.

Nyangi alikwenda jikoni akapiga magoti.

"Mama, nilikuwaga nimeshachagua shuka la kumfunika."

"Lifue," Kudura alisema. "Mtajifunika wote wawili."

Wiki tano zilipita hivyo. Daktari, aliyelishwa uji huo utoto wake wote na kuuchukia, alianza kupita jikoni na bakuli lake, na Kudura alimtungia kuhusu mama yake. Clementi naye, alipokuwa akipanga hati za meli, aliona neno shayiri limeandikwa kwa *y*. Alikwenda jikoni kukiri kosa, kofia mkononi. Kudura alimsikiliza bila kuacha kukoroga.

"Umemsahihishia nani?"

"Bado sijamsahihishia mtu, mama."

"Basi kaa na *y* yako."

Clementi alirudi mezani, akayapiga chapa maagizo ya mwezi uliofuata kama yale ya kwanza.

Kila siku donge lilitokea kwenye mstari wa nne wa Wanzagi. Kudura alibadilisha maneno, akasema *uende kwenu nyumbani*, akasema *ufike kwenu nyumbani*, na donge likatokea vilevile. Lilitokea pia katika mabakuli ya wale wengine wa mgodini, moja moja, kamwe si kwa Burito. Aliyapanga dirishani, yakakauka.

Bangili ilipombana Wanzagi kama zamani, lori la mgodi lilikuja. Msimamizi alileta barua ya shukrani kwa daktari, magunia manne zaidi ya shayiri, na kipande cha Wanzagi, kadi yake ya siku za kazi, ambacho kilikuwa bado kinadai siku sitini na mbili za kazi chini ya ardhi. Wanzagi alikisoma kipande chake, akamshika Kudura mikono miwili.

"Umenirudishia uzima wangu, Mama Kudura. Mungu akuweke."

Alisema kwa moyo wote. Nyangi alikuwa ameukariri ubeti na kuutia katika lugha ya kwao, na jana yake aliujaribu jikoni. Uji uliukubali, donge na yote. Walipanda lori, shuka safi mapajani. Lilikata kona kuelekea mgodini, si Butiama.

Kudura alirudi ndani. Kitandani kwa Wanzagi tayari alikuwa amelazwa mtu mwingine, na vumbi bado nyusini. Alimwinamia akamuuliza jina lake. Aliitwa Magige. Akamuuliza alikuwa akila nini kwao. Mtu yule alisema ni ugali wa ulezi na mlenda, akatabasamu kidogo kwa kuvitaja tu. Kudura akamshukuru, akaenda jikoni, na kabla ya kuwasha moto alisogeza madonge dirishani ili kupata nafasi ya moja zaidi.